Mashine ya Kona Haizimwi

Jumatatu, 3 Machi

Mvua ya kwanza imenyesha leo saa nane mchana, na saa tisa haijafika waya wa stoo ya dawa ulishaungua. Hakuna aliyeumia. Moshi ulijaa kwenye korido, wauguzi wakawatoa wagonjwa barazani, na mlinzi akamwaga ndoo nzima ya mchanga mahali ambapo hapakuwa na moto kabisa. Tulicheka baadaye. Katibu wa hospitali hakucheka. Ana miezi minne hapa na sijawahi kuyaona meno yake.

Saa kumi akatukusanya: kuanzia kesho kila anayetoka ofisini azime kila kitu, na swichi ya ukutani pia. Nikanyoosha mkono nikasema mashine ya kona haizimwi.

"Nani kasema?"

Aliyesema ni fundi wa zamani, alishastaafu na sijui hata anaishi wapi. Nikashusha mkono kama mtoto aliyesahau somo.

Jumatano, 5 Machi

Niandike vizuri, maana naona nitahitaji kujitetea.

Mimi ni karani wa kumbukumbu wa hospitali hii. Kila mtoto anayezaliwa hapa hupita mikononi mwangu: namba, siku, saa, uzito, jina la mama. Miaka tisa sasa ninawaingiza kwenye mashine moja, ile iliyo konani chini ya meza yangu. Madaftari ya karatasi yalikuwepo pia, lakini mwaka juzi maji yaliingia chumba cha chini yakawa uji, tukayatupa kwa koleo. Kwa hiyo watoto elfu ishirini na saba na kitu wamo ndani ya sanduku moja linalovuma kama friji kuukuu.

Fundi wa zamani aliponikabidhi aliniambia, "Usiizime, mama. Diski haichoki kwa kuzunguka, inachoka kwa kuanza." Nimeshika hilo miaka tisa. Hata likizo nilikuwa naipitia.

Leo jioni nimezima kioo cha kompyuta peke yake. Nimefunika sanduku kwa kitambaa cha meza, nikabandika plasta juu ya taa yake ya kijani, nikafunga mlango. Katibu alikuwa koridoni. "Umezima?" Nikasema nimezima. Miaka arobaini na nane yangu, ndiyo kwanza najifunza uongo.

Jumapili, 9 Machi

Dada yangu mkubwa amepiga simu, kama kila Jumapili baada ya kuosha vyombo vyake. Namsikia anavyopanga sahani huku anaongea.

"Njoo huku basi hata wiki moja. Shemeji yako amepaka chumba rangi."

"Nina kazi."

"Kazi, kazi. Wewe umeolewa na lile sanduku. Sema tu tuje tule harusi."

Nikacheka, naye akacheka. Baada ya hapo kila mmoja akangoja mwenzake aseme jambo. Nimekaa na simu mkononi mpaka ikazima kioo chake yenyewe.

Jumatatu, 10 Machi

Mvua. Watoto sita, wote wazima.

Ijumaa, 14 Machi

Leo ametimiza miaka tisa.

Sijawahi kuandika habari hii popote. Mwaka ule wa kwanza wa mashine nilijifungua hapahapa, wodi namba mbili. Binti. Kilo mbili na gramu mia moja. Nikampa jina la mama yangu. Aliishi siku kumi na moja. Baba yake alisema twende tukaanze upya, kisha akaenda kuanza upya bila mimi. Cheti hatukukifuata, alisema cha kazi gani. Picha hatukuwahi kupiga.

Niliporudi kazini nikakuta mwenzangu aliyenishikia zamu ameingiza watoto wote wa siku ile, akaruka namba 611. Kwa huruma au kwa woga, sijui. Nikaijaza mwenyewe, herufi kwa herufi. Kabla yake wapo pacha wa mwanamke mmoja, baada yake yuko mvulana wa namba 612, na katikati yuko wangu, amepangwa na wenzake kama mtoto yeyote. Hakuna mahali pengine duniani alipoandikwa.

Kila tarehe kumi na nne Machi nafungua mstari ule nausoma. Sijawahi kuuchapa. Printa iko ofisini kwa katibu, kila barua ya kuthibitisha kuzaliwa inataka sahihi yake, na mimi sikutaka mtu ashike karatasi hiyo aniangalie kwa jicho la pole. Ningeweza kujiandikia kwenye kipande cha karatasi, najua. Lakini mtu akijiandikia mwenyewe si kumbukumbu, ni barua tu ya kujitumia.

Wote hapa wananiita Mama Daftari. Wanasema kwa heshima, na mimi huitika.

Jumanne, 18 Machi

Amekuja fundi mpya wa kompyuta, mwanamke wa miaka thelathini hivi, buti za mvua na begi kubwa kuliko yeye. Akavuta kitambaa, akabandua plasta yangu, akanitazama.

"Mama Daftari, hii mbona inapumua chinichini?"

Nikamwomba asiniseme. Nikamweleza neno la fundi wa zamani nikidhani atanicheka. Hakucheka.

"Mzee yule hakukosea," akasema. "Diski hii ni ya kizamani. Ndani mna sahani inazunguka, na juu yake kuna kisomeo kinaelea kwa upepo wa ile sahani. Ukizima upepo unakata, kisomeo kinatua palepale kwenye sahani. Ukiwasha kinakwaruza kidogo ndiyo kipae. Za siku hizi zina kibaraza cha pembeni cha kukiegesha, hizo washa zima utakavyo. Hii haina."

"Basi nisiizime."

"Ngoja. Kuzunguka nako kunakula. Joto linakausha mafuta ya mhimili kidogo kidogo. Ingekuwa changa ningekwambia zima jioni, washa asubuhi, wala isingekudhuru. Sasa imekaa miaka tisa haijapoa sawasawa. Hofu yangu ikipoa, isinyanyuke."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo kuiacha ni kuimaliza polepole, kuizima ni bahati nasibu. Dawa yake ni kunakili, basi."

Akabonyeza vitu, diski ikatoa hesabu yake yenyewe: saa elfu themanini na mia tano za kuzunguka, kuwashwa mara arobaini na tatu. Mara arobaini na tatu tu kwa miaka tisa! Nilijisikia fahari kama mzazi siku ya kufunga shule.

Kunakili hakukuwezekana leo. Matundu yote ya kuchomeka kifaa yameliwa na kutu, na diski yenyewe inataka waya wa mdomo mpana ambao hauuzwi tena madukani hapa. Ameuagiza. Wiki mbili, amesema. Mganga hajigangi: nimewatafutia watu kumbukumbu zao miaka yote, yangu sikuitafutia hata nakala moja.

Jumatatu, 24 Machi

Umeme ulikatika Jumamosi mchana. Betri ya akiba chini ya meza ina umri wa mashine, haifiki dakika kumi. Jana nilikaa nyumbani nikisikiliza mvua juu ya bati na kuhesabu saa ambazo sanduku limelala limepoa.

Leo nilifika kabla ya mfagiaji. Chumba kilikuwa kimya. Sijawahi kukisikia kikiwa kimya. Hata saa ya ukutani nimeijua leo kwamba inapiga kelele. Nikabonyeza. Ikagonga ko, ko, ko, ikanyamaza, kisha ikashika na kuanza kuvuma. Arobaini na nne. Niliketi sakafuni.

Jumanne, 25 Machi

Mvua. Watoto kumi na mmoja, mmoja kaja na meno mawili. Wauguzi wamepita kumtazama kwa zamu.

Ijumaa, 28 Machi

Waya haujafika.

Jumatano, 2 Aprili

Umeme ulikatika saa sita nikiwa nimekaa palepale. Betri imedumu dakika nne. Uliporudi, mashine imegonga mara tano ndiyo ikashika. Arobaini na tano. Fundi ananiambia kwenye simu, "Usiiguse, mama, waya uko njiani." Uko njiani tangu lini? Njia hii ndefu kama ya konokono.

Dada alipiga Jumapili, nikamwambia nimechoka. Akasema, "Umechoka na nini?" Nikasema na mvua. Angeuliza mara ya pili ningemwambia yote. Hakuuliza.

Ijumaa, 4 Aprili

Katibu amenikamata.

Kumbe kila jioni, watu wakishaondoka, anazunguka jengo zima akishika kuta kwa kiganja. Nilirudi kuchukua mwavuli nikamkuta chumbani kwangu, amepiga goti karibu na kona, mkono juu ya sanduku lililofunikwa.

"Lina joto," akasema.

Nikangoja kelele. Mwezi mzima nilikuwa nimeandaa maneno ya kumjibu, mengine makali. Hakupiga kelele. Akakaa kwenye kiti cha wateja na kuongea huku akitazama mikono yake.

"Nilikotoka, chumba cha kumbukumbu kiliungua. Mvua kama hizi, mashine ziliachwa zinawaka. Mlinzi akaniuliza afanye nini. Nikamwambia okoa makabati. Akaingia." Akavigeuza viganja juu. "Makabati hayakuokoka. Na yeye hakutoka."

Nikasema pole, neno likawa dogo mno.

"Mkewe alikuja kuchukua barua ya kazi ya mumewe, ya kudai mafao. Mimi ndiye niliyeisaini." Akainuka. "Sikuamrishi, mama. Nakuomba tu. Mvua ya kesho na keshokutwa wametangaza kubwa, na wodi ya watoto iko ukuta wa pili."

Alikuwa na haki. Ukuta wa pili wamelala watoto kumi na wanne wanaopumua, na mimi namlinda mmoja asiyepumua. Ningeweza kumwambia kuhusu 611. Mdomo ulifunguka kabisa, nikaufunga. Nikainama, nikazima. Ule mvumo ukashuka taratibu, ukawa mnong'ono, ukaisha. Akasema asante. Tulitoka pamoja, kila mtu na mwavuli wake.

Jumatatu, 7 Aprili

Haiwaki. Haigongi hata. Inatoa mlio mmoja mdogo wa tik, basi.

Nimejaribu mara mbili nikaacha, nikampigia fundi simu. Katibu amesimama mlangoni muda mrefu. "Ni kwa sababu yangu," akasema. Nikamjibu swichi nimeibonyeza mimi. Sikumwambia kwa kumfariji, ndivyo ilivyo.

Jumatano, 9 Aprili

Fundi amefika saa tatu asubuhi na waya wake, amelowa mpaka magotini. Ameifungua mashine, akaitoa diski: kipande cha chuma cha kutosha kiganja. Nilikuwa sijawahi kuiona.

"Imenata," akasema. "Kisomeo kimelala juu ya sahani kikagandamana nayo, na mhimili umekauka. Sasa tunaipasha moto kwanza." Akaifunga kwa taulo akanipa. "Kaa nayo mapajani, mama, uifunike na mikono. Nusu saa. Usiitikise."

Nikakaa nayo. Nilikumbuka uzito wa mwanangu, jinsi mkono wa kushoto ulivyozoea haraka na jinsi ulivyochelewa kusahau. Katibu na fundi walikuwa wanaongea habari za nyaya za ukutani. Niliinamisha kichwa ili wasinione uso.

Kisha fundi akaichukua, akaishika bapa, akaizungusha ghafla kwa kifundo cha mkono, mara moja, mara mbili. Akachomeka waya. Tik. Akazungusha tena. Tik, kisha mvumo. Nilipiga makofi kama mtu aliyeona goli.

"Imekubali mara hii tu," fundi akasema. "Ikisimama tena, tusiitegemee. Na inasoma polepole, inaweza kufa katikati. Kwa hiyo nichagulieni: tuanzie mwaka gani?"

Katibu akanigeukia. "Wewe ndiye unayejua."

Ndiyo, ninajua. Ninajua wanaokuja dirishani kwangu. Wanaokuja kwa wingi ni wazazi wa watoto wanaoanza shule, hao wamo miaka ya tatu na ya nne. Wanaofuata ni wachanga wanaoandikishwa kliniki, miaka ya mwishomwisho. Wa mwaka wa kwanza wengi wao walishachukua barua zao, huja wachache, mmoja mmoja, waliopoteza.

Fundi alikuwa na kidole juu ya kitufe. Kusema "mwaka wa kwanza" ni maneno matatu tu. Ingechukua saa moja, kisha tungeendelea na wengine, na hakuna ambaye angeuliza kwa nini. Nilimwona namba 611 kama ninavyomwona kila Machi, na nyuma yake mlolongo wa akina mama na watoto wao walio hai.

"Anza wa nne," nikasema. "Kisha wa tatu. Kisha mwaka huu kurudi nyuma. Wa kwanza uwe wa mwisho."

"Una uhakika?"

"Anza, mwanangu, kabla sijabadili mawazo."

Kufikia saa kumi jioni miaka mingine yote ilikuwa imetoka salama. Katibu alituletea chai mwenyewe. Saa kumi na robo ukaanza mwaka wa kwanza, namba zikawa zinapanda kwenye kioo: mia, mia mbili, mia tatu. Nilikuwa nahesabu kwa midomo. Kwenye 402 diski ikagonga. Ko, ko, ko. Fundi akaigusa, akaipulizia, akaizima, akaizungusha, akaipasha tena. Saa moja nzima. Kisha akavua miwani.

"Basi, mama. Imeondoka."

Katibu akasema tumeokoa karibu wote. Nikasema ndiyo, tumshukuru Mungu. Nikaenda chooni nikafungulia bomba mpaka mwisho.

Hakuna anayejua nimepoteza nini leo. Niliyezima ni mimi, niliyepanga foleni ni mimi, na ningepanga vilevile tena. Hilo ndilo linaloniuma zaidi, kwamba sina wa kumkasirikia.

Alhamisi, 10 Aprili

Mvua.

Jumapili, 13 Aprili

Dada amepiga mara tatu. Sikupokea.

Jumanne, 15 Aprili

Mashine mpya imewekwa. Haina sauti hata kidogo. Inazimwa kila jioni na inaamka kila asubuhi kama mtumishi mwema, na fundi ameweka nakala mahali pawili. Chumba kimekuwa kikubwa.

Alhamisi, 24 Aprili

Katibu amebandika tangazo getini: waliozaliwa mwaka ule baada ya namba 402, wazazi waje na chochote walicho nacho, kadi au shahidi mmoja, wataandikwa upya. Wataandikwa kwa kalamu, kwenye daftari kubwa, na atakayeandika ni yeye. Nilimwambia hiyo ni kazi ya karani. Akasema, "Hili ni deni langu, niachie." Kisha akatabasamu. Ana pengo la mbele, ndiyo maana anayaficha meno.

Ijumaa, 2 Mei

Mvua zinapungua. Watu wanakuja, wanane, kumi kwa siku. Mimi napanga foleni na kuwaletea viti.

Leo amekuja mwanamke na kadi ya kliniki iliyofungwa kwenye nailoni, namba 612. Akanitazama, akanitazama tena. "Si wewe tulikuwa vitanda vya jirani?" Nikasema labda. Akafungua mdomo kuuliza, akaniona nilivyo, akanishika tu mkono.

Katibu alifungua ukurasa wa 610, wale pacha, mama yao alishakuja juzi. "Na 611?" akaniuliza bila kuinua kichwa. "Kuna anayemjua?"

Nikamsogezea yule mama kiti. Katibu akaruka mstari mmoja, akaandika 612. Nikabaki naukodolea macho ule mstari mtupu, mweupe katikati ya wino. Mwenzangu aliuacha hivyohivyo miaka tisa iliyopita.

Jumanne, 6 Mei

Nimempigia dada mimi. Akapokea kwa hofu, "Nani kafa?"

"Hajafa mtu. Unaweza kuja Jumatatu? Nahitaji shahidi."

"Shahidi wa nini?"

Nikamtaja mwanangu kwa jina lake. Nilisikia sahani inawekwa chini.

"Mdogo wangu," akasema, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Kila Jumapili nakupigia nikisema leo atamtaja. Nilidhani hutaki atajwe."

"Na mimi nilidhani mmemsahau."

"Mimi nimsahau? Nani alimwogesha?"

Tulilia hadi salio likaisha, lake na langu, kila mtu kwa zamu yake ya kupiga.

Jumatatu, 12 Mei

Jua limetoka tangu asubuhi. Dada amefika na basi la kwanza, amevaa viatu vya sherehe vinavyombana. Tulipanga foleni kama wengine. Nilikuwa wa sita. Zamu yetu ilipofika nikakaa kwenye kiti cha wateja, ambacho sijawahi kukikalia, nacho kumbe mguu mmoja mfupi.

Katibu akainua kichwa, akadhani nimemletea ujumbe. "Ndiyo, Mama Daftari?"

"Nimekuja kwa namba 611."

Alinitazama, kisha akatazama mstari ule mtupu, kisha akanitazama tena. Nikaona anaanza kuhesabu nyuma: foleni niliyoipanga, mwaka niliouweka wa mwisho. Akaweka kalamu mezani. Nikamwambia, "Andika tu, Bwana Katibu. Watu wanangoja."

Akaishika tena kalamu. "Siku?"

"Tarehe kumi na nne Machi."

"Saa?"

Hiyo ilinitoka. Miaka yote nilikuwa naisoma, na sasa haikuwepo kichwani. Nikababaika.

"Saa kumi na moja na dakika ishirini, alfajiri," dada akasema nyuma yangu. "Kilo mbili na gramu mia moja. Alipiga chafya kabla ya kulia, mkunga akacheka."

Hilo la chafya sikuwahi kulijua. Nilikuwa nimelala kwa dawa. Nikageuka kumtazama dada, naye alikuwa anatazama kalamu inavyokwenda, kuhakikisha.

"Jina la mtoto?"

Nikalisema kwa sauti, mbele ya watu wote wa foleni. Akaliandika polepole, akaligeuza daftari upande wangu, akanipa kalamu. Nikatia sahihi mahali pa mama.